Kaka alilipukiwa na bomu Iraki, sasa anaanguka kifafa. Fidia ya jeshi la Marekani inadaiwaje ukiwa Dar?

BintiTabata
Habari za jioni wakuu. Nina jambo la kaka yangu, kwetu hakuna anayelielewa.

Kaka alienda Marekani kwa kadi ya kijani, akajiunga na jeshi la nchi kavu. Mwaka 2007 huko Iraki gari lao lilikanyaga bomu la kutegwa. Wenzake walimwambia alizimia kama saa nzima. Yeye mwenyewe siku ile na iliyofuata hazikumbuki kabisa. Alirudi kazini, akaagwa jeshini vizuri 2009, na tangu 2016 tunaishi naye hapa Tabata.

Kuanguka kulianza 2019. Alikuwa anamenya chungwa kibarazani, kisu kikamdondoka, shingo ikapinda kushoto, akaenda chini. Miezi hii kumi na miwili kaanguka mara tatu. Ya mwisho alikuwa jikoni, chai ya moto ikammwagikia mkono wote. Akizinduka hamtambui hata mama, analala mpaka jioni. Shangazi anasema ni mapepo, kashaleta watu wa kumsomea mara mbili.

Hajawahi kudai senti. Anasema miaka imepita, na ukisharudi Bongo ndiyo basi tena. Kuna jamaa anajiita wakala, anataka laki nane ya kuanzia na theluthi ya kitakachopatikana. Tumpe?

Kaptula77
Nilidhani unaongelea JWTZ. Huko kwa Wamarekani sina la kusema, pole sana dada.

MzeeWaMbweni
Binti, nimetumikia jeshi hilohilo. Huyo wakala msimpe hata mia. Kwa dai la kwanza hata wakili aliyesajiliwa na VA, yaani idara yao ya maveterani, haruhusiwi kutoza. Ada yake inaanza uamuzi wa kwanza ukishatoka na mkataka kuupinga. Vyama vyao kama DAV na VFW vinasaidia bure.

Muda haujapita. Fidia hii haina ukomo wa kudai, na kuishi Tabata hakumwondolei haki. Kilichopotea ni pesa ya nyuma, kwa sababu asiyedai ndani ya mwaka mmoja wa kutoka jeshini anahesabiwa kuanzia siku dai linapowafikia. Kwa hiyo ajaze usiku huuhuu taarifa ya kusudio la kudai, fomu 21-0966. Inamshikia tarehe mwaka mzima wakati nyie mnahangaika na vyeti. Dai lenyewe ni fomu 21-526EZ.

Sasa hiyo saa nzima ya kuzimia ndiyo roho ya dai lenu. Jeraha la ubongo wanalipima kwa ukali wa siku ya tukio, hali ya leo ni hesabu nyingine. Aliyezimia zaidi ya nusu saa, au kumbukumbu ikakatika zaidi ya siku moja, hilo si jeraha dogo tena, ni la kati. Na kwa jeraha la kati au kali, kanuni yao inachukulia kwamba kifafa kisicho na chanzo kingine kimetokana nalo, mpaka pawe na ushahidi wazi wa kinyume. Kwamba kilianza miaka kumi na mbili baadaye si hoja. Je, ile saa imeandikwa popote?

NesiWaZamu
Dada, kabla ya fomu: akianguka msimtie kijiko mdomoni wala msimkandamize. Mlazeni ubavu, ondoeni vyenye ncha, tazameni saa. Ikipita dakika tano bado anatikisika, hospitali mara moja. Na asikae peke yake na jiko.

Anatumia dawa gani? Ameonwa na daktari wa mishipa ya fahamu?

BintiTabata
Alipewa fenobabitoni kwenye zahanati ya mtaani, akaziacha mwenyewe, anasema zinamlaza. Daktari bingwa hajamwona.

Mzee, shikamoo. Tumefungua sanduku lake la bati. DD214, ile karatasi yake ya kutoka jeshini, ipo, na chini yake kuna nakala ya karatasi ya hospitali ya kambini, wino umefifia lakini "dakika 50" inasomeka.

MzeeWaMbweni
Marahaba. Hiyo karatasi ipigeni skani leo, ya asili msimpe mtu.

NesiWaZamu
Kuziacha ghafla ni hatari, zinaweza kumwangusha mfululizo. Mpelekeni Muhimbili, kliniki ya mishipa ya fahamu. Kipimo cha umeme wa ubongo kikitoka safi msikate tamaa, wapo wenye kifafa ambao kipimo chao ni safi. Mkiweza mrekodini kwa simu, daktari akiona ile shingo inavyopinda ataelewa kuliko maelezo.

MzeeWaMbweni
Nesi kanisaidia. VA wanataka kifafa kiwe kimeonwa au kuthibitishwa na daktari walau mara moja. Lakini idadi ya kuanguka wanaipokea hata kwa maelezo ya ndugu, yakiwa hayapishani. Mama aandike alichoona: ulimi kuumwa, haja kutoka, kutotambua watu, usingizi. Kuna fomu yake, 21-10210. Vyeti vya Muhimbili vitakuwa vya Kiingereza, hapo hamna kazi ya kutafsiri.

Kuanguka kukubwa mara tatu kwa mwaka, yaani wastani wa moja kila miezi minne, ni asilimia 60 ya ulemavu kwa kipimo chao. Tuseme jeraha lenyewe la ubongo lipate 40 kwa kusahau. Msishangilie 100! Hesabu yao ni ya ajabu: 60 kwanza, halafu 40 ya kile kilichobaki, ambayo ni 16. Inakuja 76, wanaisogeza hadi 80. Na kifafa kikishakubaliwa, wana mpango wa kulipia matibabu yake hata akiwa nje ya Marekani.

Kaptula77
Hesabu hiyo ingenifelisha darasa la saba.

BintiTabata
Kusudio limeondoka saa tano usiku, kaka amesaini mwenyewe. Muhimbili ni Jumanne. Mama kanunua daftari, ameanza na lile chungwa la 2019. Shangazi ameuliza kama na yeye aandike, maana ya jikoni aliiona yeye peke yake.

MzeeWaMbweni
Aandike. Mapepo ayaache.