Kuvu inarudi ukutani kila ikipakwa rangi: tuanze kupima nini?

MleziJengo

Wakuu, naomba mwongozo wa wanaojua ukaguzi wa majengo. Jengo ni la ofisi, lina ghorofa moja, kuta za matofali ya saruji zimepigwa plasta ndani na nje. Vyumba vitatu vina shida:

A (chini): rangi inabanduka kuanzia sakafuni hadi kama sentimita 70, kuna madoa na unga mweupe.
B (juu): vidoa vyeusi vya duara kwenye kona, nyuma ya makabati ya mafaili. Kiyoyozi kinawaka kutwa kwa nyuzi 18.
C (juu): doa la kahawia kwenye dari ya jipsamu, kuvu pembeni yake. Linakua, linatulia, linakua tena.

Kuta zimeshaoshwa kwa klorini na kupakwa rangi ya kuzuia kuvu mara mbili. Inarudi. Sasa tumeshauriwa tupeleke sampuli za hewa maabara zitambue aina ya kuvu. Ndiyo hatua ya kwanza? Na kama fedha inatosha vifaa viwili vitatu tu, ninunue vipi?

kuta_na_paa

Mkuu, acha maabara kwanza. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali; kinachoziotesha ukutani ni maji. Kwa hiyo unachokagua ni maji. Ukipewa jina la kuvu bila kujua maji yanatoka wapi, utapaka rangi mara ya tatu. Halafu hivyo vyumba vitatu vina magonjwa matatu, usivitibu kwa dawa moja.

A: dalili ni za unyevu unaopanda kutoka ardhini. Kwa kawaida hauvuki sana mita moja, na huacha chumvi pale unapokaukia. Huo unga mweupe huenda si kuvu kabisa. Usugue kwa vidole: chumvi inakwaruza, na ukiitia tone la maji inayeyuka. Kisha zunguka nje, uone ukuta huohuo kwa upande wa pili. Udongo unatakiwa uwe chini ya lile tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi kwa sentimita 15 hivi. Mara nyingi utakuta kimejazwa kifusi, imepandwa bustani, au plasta ya nje imeshushwa hadi ardhini, na maji yanapita juu ya tabaka kana kwamba halipo. Ila kabla hujailaumu ardhi, funga bomba zote, soma mita ya maji, kaa saa mbili mtu asitumie maji, soma tena. Ikiwa imesogea, kuna bomba linavuja.

B ndiyo yenye mtego, maana hakuna kinachovuja. Hewa yenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 75 huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 23 kushuka chini. Kiyoyozi cha 18 kinapoza ukuta kutwa nzima. Jioni kinazimwa, mlango unafunguliwa, hewa ya nje inaingia na kukuta ukuta wa baridi. Nyuma ya kabati hakuna upepo wa kuukausha. Wala usingoje kuona matone: uso wa ukuta ukikaa kwenye unyevu wa asilimia 80 kwa siku kadhaa, kuvu inatosheka.

C: chora ukingo wa doa kwa penseli na uandike tarehe. Likivuka mstari baada ya mvua, tatizo ni paa. Likivuka siku za jua kali kiyoyozi kikiwaka, fuata bomba la kutolea maji ya kiyoyozi.

Kwa A na B fanya pia jaribio la nailoni: kipande cha sentimita 45 kwa 45, kibandike kwa gundi ya utepe pande zote nne bila upenyo, kiache saa 16 au zaidi. Maji yakiwa nyuma ya nailoni yametoka ukutani. Yakiwa mbele yametoka hewani.

HewaSafi

Naunga mkono. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, haipendekezi kupima hewa kama hatua ya kawaida ya ukaguzi, na sababu zipo wazi. Sampuli nyingi ni za dakika 5 hadi 10. Saa moja baadaye mtu akifagia tu, hesabu imebadilika. Hakuna kiwango kinachokubalika kusema hapa ni salama, hapa ni hatari. Na vile visahani vya kuoteshea kuvu vinavyoachwa wazi mezani havina maana, daima vitaota kitu.

Rangi nyeusi nayo isikutishe kuliko nyingine. Kuvu za kawaida kama Cladosporium na Aspergillus niger ni nyeusi pia. Stachybotrys, ile inayotangazwa sana, inataka karatasi au mbao iliyolowa kwa muda mrefu, kwa hiyo hapo kwako ningeitazamia kwenye jipsamu ya C, kama ni ya mbao zilizofunikwa karatasi, kuliko kwenye plasta ya B. Vyovyote iwavyo, kazi ya kuiondoa ni ileile.

Maabara inafaa pale mnapobishana kama doa ni kuvu au masizi. Hapo sampuli ya utepe iliyobandikwa juu ya doa inatosha.

NIOSH walitoa fomu ya ukaguzi mwaka 2018: unapita chumba kwa chumba na kutoa alama kwa harufu, madoa ya maji, kuvu inayoonekana na unyevu. Anza na harufu, tena mara tu ukifungua mlango, kwa sababu pua huzoea haraka. Rudia kila baada ya miezi michache kwa fomu ileile, mtaona kama hali inapungua.

mpima_unyevu

Vifaa: kipima unyevu wa hewa, kipimajoto cha kulenga (kile cha mfano wa bastola), na mita ya unyevu yenye pini mbili. Ila kila kimoja kina uongo wake.

Kipima unyevu wa hewa kijaribu kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, ilowanishe iwe kama tope, isielee majini. Fungia vyote kwenye mfuko usiopitisha hewa, saa 8 hadi 12. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 69, ongeza 6 kwenye vipimo vyako vinavyokaribia hapo.

Kipimajoto hudanganywa na chuma kinachong'aa, kwa hiyo bandika utepe wa karatasi na upime juu yake. Na sogea karibu: chenye uwiano wa 12 kwa 1 (umbali kwa upana wa duara kinalosoma), ukisimama mita 1.2 kinasoma wastani wa duara la sentimita 10, kona ya baridi haionekani.

Mita ya pini namba zake ni za mbao. Mbao ikizidi 20 ina hatari. Kwenye plasta hiyo si asilimia ya kweli, ni ya kulinganisha tu: piga gridi ya kila sentimita 20, anza sehemu kavu, chora ramani. Ukutani kwa A chumvi itapandisha namba hata pakikauka.

MleziJengo

Asanteni sana. A: maji nyuma ya nailoni, mita ya maji haikusogea, na nje kuna bustani iliyopanda juu ya msingi. B: matone mbele. Kiyoyozi kikiwa kimezimwa, hewa ni nyuzi 26 na unyevu 70, ukuta nyuma ya kabati 20.

kuta_na_paa

Basi B imejibu yenyewe. Hewa ya 26 na 70 inatoa umande kwenye nyuzi 20, na asilimia 80 uso wa ukuta unaifikia tangu karibu 24. Pandisha kiyoyozi kiwe 24 au 25, vuta makabati yaache sentimita 10, ziba mianya ya madirisha. Kama kiyoyozi ni kikubwa kuliko chumba, kinapoza haraka na kuzima kabla hakijakausha hewa. Hilo mwite fundi aliangalie.

A, ondoa udongo wa bustani, kisha bandua plasta yenye chumvi na uache ukuta upumue kabla ya plasta mpya. Si wiki mbili, ni miezi.

HewaSafi

Kusafisha: chini ya mita moja ya mraba mnaweza wenyewe, kwa barakoa ya N95, glavu na miwani iliyoziba. Kwenye rangi ngumu, maji na sabuni yanatosha. Klorini inafifisha rangi ya doa na kuacha mizizi ndani ya plasta, na msiichanganye kamwe na amonia wala tindikali. Jipsamu ya C haisafishiki. Kateni hadi sentimita 30 kupita pale kuvu inapoishia kuonekana, lakini baada ya kupata tundu. Lisipoonekana kwa macho, mwagieni paa maji kwa mpira mkianzia chini kupanda juu, dakika 10 hadi 15 kila sehemu, mtu mmoja akiwa darini na tochi. Maji hutembea juu ya mbao, kwa hiyo asiangalie juu ya doa pekee.