Mbunge wetu wa jimbo haonekani, na ombi letu la kumwondoa limenyimwa muhuri

Ndugu wakaaji wenzangu wa Lubumbashi, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Tarehe 20 Desemba 2023 tulipanga mstari tukamchagua mbunge wa jimbo, yaani wa bunge la jimbo letu, si la taifa, aliyekuwa amefika hadi kwetu Katuba, akasimama kando ya mtaro uliobomoka na kuapa kwamba mvua nyingine haitaukuta hivyo. Mvua zimekuja na kupita. Mtaro umekula nusu ya barabara, watoto wa shule wanauvuka juu ya mbao mbili tulizozitandika wenyewe, na kila inaponyesha usiku, baba mwenye nyumba ya pembeni hutoka na tochi kuangalia kama bado zipo. Mbunge anaishi Kinshasa, na simu yake haipokelewi.

Tulipoanza kusema kwamba aliyepewa kiti anaweza kunyang'anywa, watu wake walitujibu kwa Katiba ya Kongo yetu: ibara ya 101 inasema mbunge hafungwi na maagizo ya waliomchagua, na ibara ya 197 inaifikisha kanuni hiyo katika mabunge ya majimbo. Ni kweli, na ndicho kinachoniuma, kwa sababu ibara ya 5 inasema mamlaka ni ya wananchi, lakini mwananchi akishatumbukiza kura yake hawezi kuidai tena mpaka miaka 5 iishe. Nchi ya Kenya (sisemi Kenya, komini yetu ya hapa mjini) iliandika haki ya kumwondoa mbunge katika ibara ya 104 ya Katiba yake ya mwaka 2010. Sisi hatuna hata maandishi hayo.

Lakini hao wanaotusomea Katiba wanaruka ukurasa. Ibara hiyohiyo ya 197 inaleta pia ibara ya 110, ambayo kwayo mbunge anayekosa zaidi ya robo ya vikao vya msimu mmoja wa bunge, bila ruhusa wala sababu, hupoteza kiti chake. Hatukuomba muujiza: tuliomba orodha ya mahudhurio yake itolewe, ihesabiwe mbele ya watu, na akionekana ameivuka hiyo robo, mbadala wake aitwe.

Ombi tuliliandika kwa kufuata ibara ya 27, inayompa kila Mkongomani haki ya kuiandikia mamlaka na kujibiwa ndani ya miezi 3. Majina yalijaza kurasa 14 za daftari la shule, kila jina na namba ya kadi ya uchaguzi. Mama mmoja muuza makaa, asiyejua kuandika, alinawa kwanza kwa sabuni ili alama ya dole gumba lake isichanganyike na masizi. Nilizipeleka mwenyewe katika ofisi inayohusika. Karani alifunua kurasa mbili tatu, kisha akakataa kugonga muhuri kwenye nakala yetu, akasema tuache tu, wakubwa wataona. Bila muhuri hakuna tarehe, na bila tarehe ile miezi 3 haitaanza kuhesabiwa kamwe. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya ofisi anajua kwamba huko si kusahau.

Nilizichukua kurasa zote nikarudi nazo nyumbani, maana alama ya yule mama sikuweza kuiacha juu ya meza ile. Jumatatu asubuhi, ofisi ikifunguliwa, tutakuwa pale dirishani na nakala mbili. Anayeweza kuacha soko au kazi kwa saa moja aje na kadi yake ya uchaguzi.