Tupeane uzoefu: moyo ukifa ganzi, ni jambo gani dogo linakufikisha jioni?

MwanaTanga
Habari za jioni wakuu.

Mama yangu alifariki mwezi wa tatu. Msibani nilipika, nikapokea wageni, nikahesabu sahani za kukodi zilizorudi na zilizopotea. Sikulia. Wengine wakasema nina roho ngumu, wengine wakanisifu nimejikaza. Wote walikosea. Ndani hakukuwa na kitu. Arobaini ikapita, nikarudi kufundisha darasa la tatu. Watoto wakicheka naona midomo tu inafunguka. Mume wangu akiniuliza "una nini?" namjibu "sina kitu," na ndivyo ilivyokuwa hasa.

Huzuni naijua, nilimzika baba pia. Huzuni ina uzito. Hii ni kama mguu ulioukalia muda mrefu, ukiufinya unajua ni wako lakini hausikii.

Kilichonishika ni ufagio. Majani ya mwembe yalikuwa yamejaa uwanjani, siku moja saa kumi na moja alfajiri nikatoka na ufagio wa chelewa nikafagia. Kesho yake tena. Naanzia kwenye shina la mwembe, narudi kinyumenyume hadi mlangoni ili nisikanyage mistari. Mama alifagia hivyo hivyo, na ukimkanyagia mistari yake kabla jua halijatoka alikununia. Nikimaliza nachemsha chai ya mchaichai, nainywa nimesimama mlangoni. Wiki ya sita hivi, nikiwa nimeshika kikombe, nikagundua nasikia harufu ya mchaichai. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Machozi hayakuja, harufu tu. Nikachemsha kikombe cha pili.

Waliopita huku naomba mniambie, ninyi mlishika nini?

Kibarazani
Pole sana dada yangu, Mungu amlaze mama mahali pema.

Mimi kazi iliisha 2020, watalii walipokoma kuja pwani. Miaka kumi na tisa jikoni kwenye hoteli, halafu barua ya ukurasa mmoja. Nililala mchana, usiku macho. Kitu kilichonitoa ndani ni sauti ya muuza kahawa akigonga vikombe vyake. Alikuwa akipita saa kumi na moja jioni bila kukosa. Nikaanza kutoka, kahawa chungu na kipande cha kashata, nakaa barazani wazee wakicheza bao. Wale wazee hawakuniuliza hata siku moja "umepata kazi?" Walinipa kazi ya kupanga kete tu, 64, kila shimo mbili kwa wanaoanza kujifunza. Kuna mtu atasema hilo si tiba. Kwangu ndiyo saa pekee ya siku niliyokuwa naingojea.

Bint_Ukindu
Allah amrehemu mama yako, dada.

Mimi nilikaa eda Pemba, miezi minne na siku kumi. Vile vitu vyote vilivyokuwa vikinituliza tangu usichana, udi, asmini kichwani, marashi, wanja, katika eda havitumiki. Kwa hiyo nilibakiwa na mikono tu. Shangazi hakunipa nasaha yoyote. Aliniwekea mzigo wa ukindu uliokwisha kutiwa rangi, zambarau na kijani, wa kusukia mkeka, akasema "suka pima moja kwa siku, usizidishe." Hilo la usizidishe sikulielewa wakati ule. Mtu akiwa na ganzi anaweza kusuka mpaka vidole vichubuke asijue.

Basi nikasuka. Ukindu mkavu unakata, lazima uulainishe kwa maji, na ukiuachia kidogo mkono ukili, ule utepe unaousuka, unakwenda upande. Siku za mwanzo nilikuwa nikitazama vidole vyangu kama vya mtu mwengine. Mwezi wa tatu nikakosea rangi, nikakasirika. Nikakasirika kweli, nikautupa ukili ukutani! Shangazi akacheka kwa furaha, akasema "umerudi." Kitu cha kwanza kunirudia kilikuwa hasira, sikutarajia.

NipoMuscat
Nafanya kazi za ndani huku, mwaka wa nne. Usiku nikishafunga mlango wa chumba najipaka mafuta ya nazi miguuni polepole, kidole kimoja kimoja. Mchana kutwa mikono hii ni ya watu. Dakika kumi zile ni zangu.

Dereva_wa_Usiku
Naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima. Mimi nilikuwa na ratiba sana na ndiyo iliyonificha. Naendesha lori Dar hadi Tunduma. Baada ya ajali niliyoishuhudia Kitonga nilikuwa sihisi lolote. Kila kituo bia mbili, kisha simu mpaka saa nane za usiku, kila siku vile vile. Nayo ni starehe ndogo, nayo ni ratiba. Ilinisaidia nisihisi zaidi.

Kwa hiyo kabla hujashika jambo, tazama linakurudisha kwa watu au linakuondoa. Siku hizi nikisimama Chalinze, Mikumi, Ilula, Makambako, nampigia binti yangu swali moja tu: "umekula nini?" Ana miaka saba, hajui kujibu kwa kifupi. Ananieleza maharage yalikuwa na nazi, na mdogo wake alimwaga mchuzi, na paka aliulamba.

NesiDom
Dereva amesema kweli. Niongeze la kazini kwangu. Kuna dodoso la maswali tisa tunalotumia kupima sonona, na swali la kwanza kabisa linahusu kukosa hamu au raha ya kufanya mambo ndani ya wiki mbili zilizopita. Kwa hiyo ganzi ni dalili inayojulikana, usione haya kuitaja kwa daktari. Na hayo ya ufagio na ukili tunayafundisha pia: mtu anaanza tendo dogo bila kungoja hamu, hamu huja nyuma. Mama aliyejifungua akiwa hivi asiambiwe ni uchovu tu, aje. Ukiwa unatumia dawa za sonona na unajiona bapa, huhisi furaha wala huzuni, baadhi yake huleta hali hiyo; mwambie daktari, usiache ghafla mwenyewe. Na wazo la kujiua likipita, hata mara moja, usilale nalo peke yako. Mwamshe mtu, nenda hospitali usiku huo huo.

MwanaTanga
Nimewasoma wote, wengine mara mbili. NesiDom, Jumatatu nitakwenda, nimemwambia na mume wangu. Bint_Ukindu, ule mkeka uliuuza?

Bint_Ukindu
Sikuuuza. Upo chumbani nausalia. Upande wa kwanza ukili umelegea, nikiukanyaga naujua hata gizani.