Dalali akisifu nyumba anayoipenda mwenyewe, anamsaidia mteja au anamponza?

Dalali wa Chikongola (Mtwara)

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja hapa Mtwara mjini. Kazi hii niliianza mwaka 2012, wakati gesi ya Mnazi Bay ilipokuwa midomoni mwa watu wote na kila basi lililotoka Dar es Salaam lilishusha mtu anayeulizia kiwanja Shangani. Bomba la gesi lilipokamilika mwaka 2015 wengi wa wageni wale walikwishaondoka, nami nikajikuta nina muda mwingi kuliko wateja. Ndipo nilipoanza kuandika. Kila Ijumaa jioni huwatumia wateja wangu, wa sasa na wa zamani, ukurasa mmoja ambao nusu yake ya juu ni nyumba na viwanja vilivyopo, na nusu ya chini ni mambo ninayoyapenda mwenyewe: ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa stendi, pweza wa Feri, au safari ya pantoni kwenda Msangamkuu isiyo na shughuli yoyote isipokuwa kuvuka na kurudi. Nakiri kwamba watu wengi husoma nusu ya chini kwanza.

Mwezi uliopita nusu hizo mbili zilichanganyika. Iko nyumba moja ya zamani Mikindani ambayo nimeipenda tangu siku nilipoiona. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kukaa dirishani akajifunza humo humo, na barazani kuna sakafu iliyolainishwa na makalio ya watu wa vizazi kadhaa. Ikifika saa kumi na moja jioni upepo wa ghuba huingia kwa mlango wa mbele ukatokea uani. Niliandika hayo yote. Niliandika hata kwamba Livingstone aliondokea Mikindani mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara, na kwamba Boma la Wajerumani la mwaka 1895 linaonekana ukisimama karibu na mlango. Afisa mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Dodoma alisoma, akaja, akalipa kodi ya miezi sita bila hata kuomba kupunguziwa.

Wiki ya tatu akanipigia simu. Bomba la maji halijafika kwenye nyumba ile, na maji ya kisima cha uani yana chumvi; sabuni inasuguliwa mpaka inakwisha bila kutoa povu, na chai ya asubuhi ina ladha ya bahari. Hakunitukana, jambo ambalo lingekuwa afadhali. Alisema tu: "Wewe uliniandikia upepo, hukuniandikia chumvi."

Kisima kile nilikuwa nakijua. Nimekunywa maji kwa mwenye nyumba yule si mara moja, na sikumbuki kwamba niliyaficha kwa makusudi. Ni ile kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Sasa nauliza, hasa kwa walio katika kazi hii na kwa waliowahi kupanga nyumba kupitia madalali: je, niache kabisa kuandika mambo ninayoyapenda na nibaki na vyumba, vyoo na kodi, au ipo namna ya kuyaandika bila kumponza mteja?

Mpimaji Mstaafu (Lindi)

Wa aleikumu salaam, mwanangu. Nimepima ardhi ya mikoa hii miwili kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nitakujibu kama mtu aliyezoea kuona maneno matamu yakigongana na bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja.

Mapenzi yako hayana kosa, ila yaliketi mahali pasipo pake. Katika kila nyumba au kiwanja yapo mambo ambayo hayajali wewe unapenda nini. Kiwanja kimepimwa au hakijapimwa. Haki ya kumiliki ni ya miaka 33, 66 au 99, na imebaki mingapi. Jina lililo kwenye hati ni la anayeuza au la marehemu babu yake. Kama ni nyumba ya familia, mwenzi wa ndoa ameridhia au ameachwa jikoni asijue kinachoendelea sebuleni. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka chini ya halmashauri ya kijiji, na karatasi iliyoandikwa na mwenyekiti peke yake juu ya goti haitoshi. Hayo yaandike kwanza, kwa maneno makavu, ndipo uje kwenye upepo.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Madalali wa Lindi wanapenda mno maneno "kiwanja kinagusa bahari", na wanaamini kwamba wanakisifu. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusiwi kuweka shughuli ya kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni. Kwa hiyo mtu akinunua kipande chenye urefu wa meta 70 kinachogusa bahari, amenunua meta 10 za kujengea na 60 za kutazamia machweo. Nimewahi kunyoosha utepe mbele ya mnunuzi wa namna hiyo, kuanzia kwenye alama ya maji makuu kuelekea bara, na kadiri tulivyotembea ndivyo alivyozidi kunyamaza. Tulipofika hamsini na kitu alikuwa amekwisha kuipita mikorosho yote mitatu aliyokuwa amepanga kujenga kati yake. Dalali wake hakusema uongo hata neno moja.

Na majina ya mitaa nayo usiyaamini sana unapomwandikia mgeni. Hapo kwenu iko kata ya Reli, na reli yenyewe, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, iling'olewa katika miaka ya 1960. Nimekutana na mtu aliyeniuliza kituo kiko upande gani.

Kijana wa Fremu (Mtwara)

Shikamoo mzee, na wewe kaka mkubwa wa Chikongola nakuheshimu, ila katika hili sitakuunga mkono. Dalali hatakiwi kupenda nyumba. Anatakiwa kuijua.

Wateja wangu wakubwa ni wakulima. Msimu wa korosho unapofunguka mwezi Oktoba na minada ikaanza, watu wa Tandahimba na Newala hushuka mjini kutafuta kiwanja au fremu ya biashara, na maswali yao huwa ni yale yale: lori linaingia? Magunia yatakaa wapi mvua ikinyesha? LUKU, yaani mita ya umeme, ni ya peke yangu au nachangia na wapangaji wengine? Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza mimi napenda kula nini. Ukimwambia mtu wa namna hiyo habari za upepo wa saa kumi na moja, atakuona unazunguka kwa kuwa kuna kitu unakificha, na katika kisa chako hicho asingekosea.

Halafu kuna jambo ambalo hukulitaja, kaka. Wenye nyumba nao wanasoma. Mwaka juzi niliandika, kwa kukuiga wewe, sifa za nyumba moja ya vyumba vitatu huko Ligula iliyokuwa ikipangishwa kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Nilisifu mwembe wake, nikasifu utulivu wa mtaa. Mteja alipokuja na fedha mkononi, mwenye nyumba alitoa simu yake, akasoma maneno yangu mwenyewe mbele yangu kwa sauti, kisha akataka 280,000. Mteja akaondoka, kamisheni ikaondoka naye, na nyumba ikakaa tupu miezi minne huku embe zikioza chini ya ule mwembe. Tangu hapo naandika vyumba, choo, maji, umeme, njia na bei. Kama nina mapenzi, nayapeleka kwa mke wangu.

Mgeni wa Ligula (Mtwara)

Habari za jioni, kaka zangu, na shikamoo mzee. Mimi si dalali, ni muuguzi niliyehamia Mtwara kutoka Mwanza, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikizipokea zile kurasa za Ijumaa. Nyumba ninayokaa niliipata humo. Kwa hiyo naomba niseme kama mtu aliyewahi kuwa upande wa pili wa meza.

Mdogo wangu wa Fremu, wakulima wako wanaujua mji huu tangu utotoni, hawahitaji kuelezwa. Mimi nilikuwa sijapata kuiona Mtwara. Orodha ya vyumba vitatu, choo cha ndani na LUKU ya peke yako ningeweza kuipata kwa dalali yeyote kuanzia Mwanza mpaka hapa, na zote zingefanana. Kilichonifanya nimwamini huyu bwana ni ukurasa mmoja ambamo alisema hawezi kuvumilia nyumba mpya zenye madirisha madogo ya aluminiamu ya kuteleza ambayo nusu yake haifunguki, halafu katika ukurasa huo huo akatangaza nyumba yenye madirisha hayo hayo na kukiri kwamba ni nyumba nzuri kwa anayependa kiyoyozi. Mtu anayekuambia asichokipenda katika kitu anachokiuza, unajua pa kumweka. Tena ming'oko alinifundisha yeye kwa maandishi kabla sijaionja. Bila hivyo ningedhani nauziwa mizizi ya dawa.

Lakini kaka, nimerudi kuzisoma kurasa zako zote nilizozihifadhi, na nimegundua jambo. Kila unachokipenda unakipenda jioni. Upepo wa Mikindani ni saa kumi na moja. Pantoni ya Msangamkuu ni jua likizama. Pweza wa Feri ni baada ya magharibi, na hata ule uwanja wa mpira wa watoto uliousifu ni wakati vumbi limetulia. Unamaliza kazi, unatembea, unapenda. Hakuna hata ukurasa mmoja uliouandika ukiwa ndani ya nyumba saa saba mchana bati linapolia kwa joto, wala saa kumi na moja alfajiri mtu anapotafuta maji ya kuoga aende zamu. Sisi wapangaji tunaishi humo saa zote ishirini na nne.

Na niongeze dogo la kina mama, kwa kuwa nyote mlioandika hapa ni wanaume na linaonekana: katika miaka miwili hujaandika hata siku moja kamba ya kuanikia nguo inafungwa wapi, wala moshi wa mkaa wa jirani unaelekea dirisha gani. Nyumba yangu ni nzuri, nakushukuru, ila kila Jumamosi mashuka yangu yananukia samaki wa kukaanga wa mama wa nyuma. Hili ningelijua kwa kusimama uani dakika kumi tu, Jumamosi asubuhi.

Dalali wa Chikongola (Mtwara)

Nimewasoma wote, na dada umenipata pabaya. Nilitoka kwenda kuhakikisha kwa kuzipitia kurasa zangu upya, na kweli: katika zote nimeona moja tu ya asubuhi, nayo ilikuwa ya msiba.

Mzee wangu, ushauri wako nimeupokea bila nyongeza. Kuanzia Ijumaa hii mambo ya hati, mipaka na ridhaa yatatangulia, na maneno "kinagusa bahari" nimeyafuta katika viwanja viwili nilivyokuwa navyo. Mdogo wangu wa Fremu, la mwenye nyumba kusoma sikuwa nimelifikiria hata kidogo, nami nitamfungia bei kwa maandishi kabla sijaandika sifa yoyote. Ila kuacha kupenda siwezi, na sidhani kwamba nyumba ile ya Mikindani ingepata mpangaji yeyote kwa orodha ya vyumba tu, kwa sababu kwa orodha ile ni nyumba mbovu.

Kuhusu yule afisa, jana nilikwenda kwake saa saba mchana, siyo jioni, nikiwa na kipande cha sabuni mfukoni. Ndani kulikuwa na ubaridi kuliko nilivyotarajia. Zile kuta si mapambo. Kisimani nilisugua sabuni mpaka mkono ukauma. Tukamwita mwenye nyumba, tukakubaliana kwamba atanunua tangi la lita 1,000 na mpangaji atalijaza kwa maji ya kununua, na mimi nikarudisha nusu ya kamisheni yangu ichangie tangi. Afisa akasema hahami. Kabla sijaaga alinionyesha pia, bila hasira, mahali ambapo unga wa boriti za mikoko humwangukia kwenye chandarua usiku. Hilo nalo sikulijua.

Hivi ndivyo nitakavyoiandika siku itakapokuwa wazi tena, nanyi mniambie kama inafaa:

"Nyumba ya mawe, Mikindani, vyumba viwili na baraza. Umeme upo, LUKU ni ya peke yake. Bomba halijafika. Kisima cha uani ni cha maji ya chumvi, hayafai kwa chai wala sabuni. Lipo tangi la lita 1,000, na maji ya kulijaza ni ya kununua. Boriti za dari ni za zamani na hudondosha unga, chandarua chenye paa la kitambaa kitakufaa. Gari halifiki mlangoni, utatembea kama hatua themanini. Kamba ya nguo inafungwa uani kati ya mfenesi na ukuta, na jua hufika hapo mpaka saa nane. Mchana ndani ni baridi. Jioni, saa kumi na moja, keti barazani upande wa kushoto."

Kijana wa Fremu (Mtwara)

Kaka, na kodi umesahau kuiandika.