Naomba ushauri: nimelipia ramani ya mwaka, hela hairudi
Habari wakuu. Nina Canter, nabeba viazi kutoka Uyole hadi Makambako, mara nyingine Iringa. Mwezi uliopita nililipia programu ya ramani, mwaka mzima kwa mkupuo (tamaa ya punguzo hiyo). Nikiingia njia za Makete mtandao unakata, ramani inabaki nyeupe.

Fundi wa simu kaniambia GPS yenyewe haili bando: simu inapokea mawimbi ya setilaiti zilizo juu kama kilomita 20,200, ikizipata nne inajua ilipo. Kweli, kidoti cha bluu kinatembea, ila kwenye karatasi tupu! Kuipakua ramani kabla ya safari wanataka nyongeza.

Nimedai hela, wanasema nimeshatumia. Kuna aliyewahi kurudishiwa? Nianzie wapi?