Naombeni ushauri: kikundi kingine kinataka ramani yetu ya mashimo ya nyegere

Binti Pangani:
Wakuu, habari za usiku. Niko Gloucestershire, Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Kazi yangu ni kutunza wazee, ila mwisho wa wiki najitolea na kikundi cha kijijini kinacholinda nyegere wa huku. Tunatega vizimba kwa karanga, alfajiri mwenye leseni anawachoma chanjo ya kifua kikuu cha ng'ombe, kisha tunawaachia. Wakulima wanatufungulia mageti kwa sababu tumewaahidi hakuna mgeni atakayejua mashimo yalipo.

Sasa kuna kikundi cha jirani kinacholinda mbweha, kalunguyeye na popo. Wanataka ramani yetu tufanye doria pamoja. Anayeitunza ni mimi. Niwape? Silali, jamani.

Mzee wa Mizinga:
Nyegere wa kulindwa! Mimi niko Sikonge, msimu mmoja alinibomolea mizinga minane. Unakuta masega yamesambaa chini, nyuki wamekufa, mzinga umepasuliwa kama ganda la muwa. Siku hizi natundika kwa waya mbali na shina, hafiki. Nikihesabu asali niliyopoteza mpaka leo roho inauma.

Kiboko Mpole:
Nyegere kwa wivu wa mke hana mpinzani. Dada, usije ukaingilia ndoa ya watu 😂😂

Bi Zuhura:
Mwanangu, mayai ya kasa yanachimbwa huku kwenu Pangani, wewe unakesha na wanyama wa wazungu. Anza na kwenu.

Binti Pangani:
Shikamoo mama. Kasa nililinda nikiwa shule, ndiko nilikoanzia. Nilipo sasa kuna nyegere.

Ngamia Kavu:
Mbona kikundi kizima kinakuomba wewe, si katibu wenu? Aliyekuomba ni nani hasa?

Binti Pangani:
Ni mwanachama wao mmoja.

Ngamia Kavu:
Nani kwako?

Binti Pangani:
Mchumba wangu. Tuna miezi minne. Ni mtu mpole, anapenda wanyama kuliko hata mimi. Na sijampa ramani, nimempeleka kwenye mashimo mawili tu. Mawili kati ya mengi, si kosa kubwa hivyo.

Kiboko Mpole:
Kumbe ndoa ipo kweli 😂

Fundi Saa:
Hii chai. Nyegere yuko Afrika na Asia, Ulaya hakuna. Mtu amekaa Mbagala anatutungia hadithi. Wasimamizi, fungeni uzi.

Binti Pangani:
Kaka, si yule mla asali. Huyu ni jamaa yake, nimekosa jina la Kiswahili nikatumia lililo karibu. Kichwa cheupe chenye mistari miwili mieusi inayopita machoni, mwili wa kijivu, anakula nyungunyungu mamia kwa usiku mmoja. Wanaishi kwa ukoo, shimo moja linarithiwa vizazi na vizazi. Ukiona nyasi kavu zimeburutwa hadi mlangoni, wamo: wanabadilisha matandiko. Hilo nitalitungaje?

Fundi Saa:
Nyasi za matandiko… haya, endelea.

Msafiri wa Leicester:
Dada, mimi ni Mkenya, nilikuwa kwenye kikundi kama chenu. Tangu 2013 serikali imetoa vibali vya kuwapiga risasi ili wasiwaambukize ng'ombe kifua kikuu, na waliouawa wamepita 200,000. Wapo pia wanaokuja kinyemela na mbwa na makoleo, wawafukue wapiganishwe. Sheria ya 1992 inakataza hata kuziba shimo, lakini hao hawaogopi. Ndiyo sababu ya ile siri. Wengine hujiunga na vikundi ili waonyeshwe mashimo. Simsemi mchumba wako, simjui.

Kushirikiana kupo, tena kunasaidia sana: doria za pamoja, kupeana simu mkiona taa porini usiku. Ila huenda katibu kwa katibu, kwa maandishi, na mnapeana mraba wa kilomita moja, si mdomo wa shimo. Mwambie katibu wako leo hii.

Binti Pangani:
Nikimwambia wataniondoa. Na nitakuwa nimemtuhumu mtu asiye na hatia.

Bi Zuhura:
Hatia yake huijui, mwanangu. Ahadi uliyowapa wakulima unaijua.

Ngamia Kavu:
Muulize mchumba jina la katibu wa kikundi chake. Hilo tu.

Binti Pangani:
Nimemuuliza. Amesema kwa nini simwamini, akakata simu.

Mzee wa Mizinga:
Pole binti yangu. Nenda kwa katibu.

Binti Pangani:
Nimempigia. Nilidhani atanifokea. Amenyamaza kidogo, akauliza mashimo gani mawili, akaniambia nivae buti. Saa kumi na moja alfajiri tunakwenda wote kuyaangalia.