Kampasi ya Lubumbashi, Mei 1990: mnara kwanza au majina kwanza?

Hoja: Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi waliuawa katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nchini Zaire (leo Kongo-Kinshasa), siku 17 tu baada ya Rais Mobutu kutangaza mwisho wa chama kimoja. Tuwajengee mnara wa ukumbusho? Wanajibu wakazi wanne, kila mmoja kwa jina la mtaa wake mjini Lubumbashi.

Wa Katuba: Ujengwe sasa. Aliyekuwa na miaka 20 usiku ule anakaribia 60. Mkingoja dosie ya uchunguzi ikamilike, mtakamilisha bila mashahidi. Santiago, nchini Chile, makumbusho ya udikteta wa 1973 hadi 1990 yalifunguliwa 2010, na watu wanayabishania mpaka leo. Hawakungoja ubishi uishe.

Wa Kampemba: Papa wa Katuba, Chile walikuwa na ripoti ya tume tangu 1991, yenye watu 2,279 waliouawa au kutoweka, na tume iliyofuata ikaongeza wengine. Sisi tuna nini? Serikali ya Mobutu ilikiri maiti mmoja. Wengine wakataja makumi, wengine mamia. Chonga idadi yoyote, ukoo usioona jina la mtoto wao utahisi umefukuzwa matangani. Anzeni na orodha. Kila shahidi asikilizwe peke yake kabla ya kikao chochote, maana kikao kimoja chatosha mtu aanze kusimulia alichosikia kama alichokiona. Kando ya kila jina: nani kalitaja, alimwona wapi mara ya mwisho, alisikilizwa tarehe gani. Lenye shahidi mmoja liwekewe alama, lisifutwe. Nakala tatu, nyumba tatu. Makaratasi yasiguse sakafu wala ukuta, mvua ya Novemba hadi Aprili inaleta ukungu.

Wa Ruashi: Na majina yakae kwenye vibao vidogo, kila kimoja na skrubu zake, ili kuongeza au kusahihisha kusihitaji kuvunja ukuta. Vya kauri, jamani. Shaba kwetu hapa italala usiku mmoja, kesho imeibwa, iko kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu.

Wa Kamalondo: Mobutu naye alijua kazi hii ya kuwaenzi wafu. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alikamatwa na askari wake Desemba 1960. Mwaka 1966 akamtangaza shujaa wa taifa. Sifa za marehemu zilifunika swali la nani alimtoa auawe. Kwa hiyo pembeni ya majina ya waliokufa yaandikwe na mamlaka zilizokuwa kazini usiku ule, ngazi kwa ngazi.

Wa Katuba: Hiyo ngazi ndiyo itakayochelewesha kila kitu. Basi wekeni jiwe lenye tarehe peke yake, na ukuta mtupu nyuma yake, matundu ya skrubu yakiwa tayari.